Katalogi za Maonyesho na Hatima ya Sanaa ya Afrika Mashariki

Maonyesho yanayofanyika katika majumba ya makumbusho ni ya aina mbili kuu: yale ya kudumu, ambayo kazi zake ni mali ya jumba lenyewe na huweza kukaa ukutani kwa miaka mingi, na yale ya muda, ambayo kazi zake huazimwa kutoka kwa wasanii, kwa watu binafsi na kwa makumbusho mengine, hukusanywa chini ya wazo moja kwa miezi michache, kisha hurudishwa kwa wenyewe. Sanaa ya zama hizi, yaani kazi za wasanii walio hai au waliofariki karibuni, huonekana zaidi kwa njia hii ya pili, na kwa sababu hiyo historia yake hutegemea sana kitabu kinachochapishwa pamoja na maonyesho, ambacho huitwa katalogi. Picha zikishateremshwa na kufungwa tena makashani, katalogi ndiyo inayomweleza mtafiti, mwalimu, mnunuzi na msanii chipukizi ni kazi zipi zilizoonyeshwa, zilitoka wapi, na mratibu wa maonyesho alikuwa na hoja gani alipoziweka pamoja. Makala haya yanaeleza jinsi katalogi ilivyozaliwa, inavyotengenezwa na nguvu iliyo nayo, na yanatetea msimamo kwamba sanaa ya Afrika Mashariki itaendelea kusimuliwa na wengine mpaka eneo hili litakapojenga desturi ya kuchapisha katalogi zake lenyewe, zikiwamo za Kiswahili.

Mwanzoni katalogi ilikuwa orodha tu. Mwaka 1673 chuo cha kifalme cha uchoraji na uchongaji cha Ufaransa kilichapisha kijitabu kilichotaja kazi za wanachama wake zilizokuwa zikionyeshwa Paris, na Royal Academy ya London ilipofanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1769, nayo ilitoa orodha ya kazi 136 ili mgeni aweze kulinganisha namba iliyo ukutani na jina la mchoraji. Katika karne ya 19 wasanii walianza kuitumia nafasi hiyo kusema neno lao wenyewe. Gustave Courbet, baada ya baadhi ya picha zake kukataliwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855, alijenga banda lake mwenyewe karibu na hapo, na katika katalogi yake akaeleza kwa ufupi kwamba alikusudia kuchora desturi na sura ya zama zake kama alivyoziona yeye. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kijitabu kidogo chenye hoja kinaweza kuwa na uzito kuliko ukumbi mkubwa usio na maelezo.

Karne ya 20 iliigeuza orodha hiyo kuwa kitabu cha elimu. Jumba la Museum of Modern Art la New York, lililofunguliwa mwaka 1929, lilitoa mwaka 1936 katalogi ya maonyesho yaliyoitwa Cubism and Abstract Art, na juu ya jalada lake Alfred Barr, mkurugenzi wa kwanza wa jumba hilo, aliweka mchoro wa mishale ulioonyesha jinsi mitindo ya sanaa ya Ulaya ilivyozaliwa mmoja kutoka kwa mwingine kati ya mwaka 1890 na 1935. Mchoro huo ulinakiliwa mara nyingi, na kwa miongo kadhaa ulikuwa miongoni mwa vielelezo ambavyo kwavyo historia ya sanaa ya karne ile ilifundishwa. Afrika imo ndani yake katika kisanduku kimoja tu kinachotaja sanamu za watu weusi, bila jina la mchongaji, la jamii wala la nchi, na mishale inayotoka humo inaelekea kwenye mitindo ya wachoraji wa Paris. Anayetaka kujua kwa nini wachongaji wa bara zima walibaki bila majina katika vitabu vya sanaa kwa muda mrefu hana budi kuanzia kwenye machapisho ya aina hiyo, ambayo hayakuwa na nia ya kudhulumu, lakini yaliandikwa na watu ambao hawakuona haja ya kuuliza.

Katalogi ya leo huwa na sehemu zinazotambulika. Baada ya dibaji ya mkurugenzi na ukurasa wa shukrani, ambao kwa kuusoma kwa makini msomaji hujua ni nani aliyetoa fedha na ni nani aliyeazimisha kazi, hufuata insha za wataalamu, mojawapo ikiwa ya mratibu wa maonyesho, yaani mtu aliyechagua kazi, akazipanga na kuandika hoja inayoziunganisha. Kisha huja picha za kazi zenyewe zilizochapishwa kwa rangi, halafu orodha kamili inayotaja, kwa kila kazi, jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika, vipimo kwa sentimita, na mwenye mali kwa wakati huo. Katalogi iliyofanyiwa utafiti wa kina huongeza historia ya umiliki, yaani mlolongo wa watu na taasisi zilizowahi kuimiliki kazi tangu ilipotoka mikononi mwa msanii, pamoja na orodha ya maonyesho ambamo iliwahi kuwekwa. Sehemu hii ya mwisho, ambayo wasomaji wengi huiruka, ndiyo ngao ya msanii dhidi ya bandia, kwa kuwa kazi yenye mlolongo usiokatika ni vigumu kughushiwa, na kazi isiyo na mlolongo wowote humwacha mnunuzi na mrithi katika mashaka.

Thamani ya maelezo hayo inaonekana katika mfano wa Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, na baadaye akawa Balozi wa Tanganyika mjini London. Mwaka 1960 Museum of Modern Art ilinunua picha yake ya mwaka 1956, ambayo jina lake la Kiingereza linazungumzia wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mtu asiyeijua Kilimanjaro anaweza kuandika aya nzima juu ya rangi ya picha hiyo na mpangilio wa migomba yake, na yote aliyoandika yakawa sahihi; lakini mwandishi aliyekulia Uchaggani angeitambua mbege, angeeleza kwa nini hupelekwa, hupelekwa na nani na kwa nyumba ipi, na kwa maelezo hayo picha ingeacha kuwa mandhari ya kijijini tu, ikawa kumbukumbu ya mkataba kati ya koo mbili. Katalogi nzuri huhitaji elimu ya aina zote mbili, na elimu ya aina ya pili haipatikani katika maktaba za New York pekee.

Kazi ya kutengeneza katalogi huanza mapema kuliko umma unavyodhani. Kila kazi hupigwa picha chini ya taa zilizopimwa, pembeni yake pakiwekwa kipande chenye rangi za mfano, ili mchapaji aweze kulinganisha rangi ya karatasi na rangi ya kazi halisi. Haki ya kuchapisha picha huombwa kwa msanii au warithi wake. Maandishi huhaririwa, na tarehe na vipimo huhakikiwa upya hata kama viliwahi kuchapishwa kwingine. Kwa kuwa kitabu kinatakiwa kiwe mezani siku ya ufunguzi, hupelekwa mtamboni wiki au miezi kabla ya picha kutundikwa, na matokeo yake ni jambo ambalo mtafiti hana budi kulikumbuka: katalogi hueleza maonyesho kama yalivyokusudiwa, na si lazima kama yalivyofanyika. Kazi iliyozuiliwa forodhani, au iliyokataliwa na mwenyewe dakika ya mwisho, itabaki katika kitabu ingawa haikufika ukumbini, na kazi iliyoongezwa siku moja kabla ya ufunguzi haitaonekana popote isipokuwa katika picha za ukumbi, ambazo kwa sababu hiyo nazo zinapaswa kuhifadhiwa.

Nguvu ya katalogi hudhihirika zaidi pale inapotumiwa vibaya. Mwezi Julai 1937 serikali ya Wanazi ilifungua mjini Munich jumba jipya la maonyesho kwa sanaa iliyoipendelea, na siku iliyofuata ikafungua karibu na hapo maonyesho mengine ya kuwadhalilisha wasanii wa mitindo mipya, ambao kazi zao iliziita sanaa iliyooza. Maonyesho hayo ya pili, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni mbili, yalikuwa na kijitabu chake cha kejeli kilichokusudiwa kumfundisha Mjerumani wa kawaida nini cha kuchukia. Kazi zaidi ya 16,000 zilitolewa katika makumbusho ya Ujerumani, baadhi zikauzwa nje na nyingine zikaangamizwa, na karibu mwaka 1942 maofisa walipiga chapa orodha yake katika majalada mawili. Nakala pekee kamili inayojulikana imehifadhiwa leo katika Victoria and Albert Museum ya London, na watafiti wanaoitafuta njia iliyopita kila picha huanzia hapo. Orodha iliyoandikwa ili kuzika sanaa imekuwa chombo cha kuifufua, na jambo hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba hakuna uhifadhi usioanza na kuandika.

Kwa sanaa ya zama hizi ya Afrika, katalogi tatu zina nafasi ya pekee. Ya kwanza ni ya Magiciens de la terre, maonyesho yaliyoratibiwa na Jean-Hubert Martin mjini Paris mwaka 1989, yaliyokusanya wasanii zaidi ya 100, karibu nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani Kaskazini, wakiwamo Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa. Katalogi yake iliambatanisha na kila msanii ramani ndogo ya dunia iliyoweka makao yake katikati, jambo lililokuwa jipya, ingawa wakosoaji walilalamika kwamba wasanii wa Afrika waliochaguliwa walikuwa hasa wale ambao hawakupita vyuoni, kana kwamba msomi wa Makerere au wa Khartoum hakuwa Mwafrika wa kutosha. Ya pili ni ya Seven Stories about Modern Art in Africa, yaliyofunguliwa Whitechapel Gallery ya London mwaka 1995 chini ya Clémentine Deliss. Humo waratibu wenye asili ya nchi zinazohusika waliandika hadithi zao wenyewe, na hadithi za Kenya na Uganda ziliandaliwa na Wanjiku Nyachae. Lakini Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi saba zilizochaguliwa, na kwa kuwa kitabu hicho kilikuja kuwa rejea ya kawaida vyuoni, pengo hilo lilirithiwa na vitabu vilivyofuata. Ya tatu ni ya Documenta ya 11, iliyofanyika Kassel, Ujerumani, mwaka 2002 chini ya Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuongoza maonyesho hayo makubwa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Enwezor alitanguliza mikutano katika miji mbalimbali ukiwamo Lagos, akachapisha mijadala yake katika majalada pamoja na katalogi yenyewe, na kwa njia hiyo kuandika kukawa sehemu kamili ya maonyesho.

Enwezor aliongoza baadaye, kuanzia mwaka 2011 hadi 2018, jumba la Haus der Kunst la Munich, ambalo ni lile lile lililojengwa na Wanazi. Hapo ndipo palipofunguliwa mwezi Septemba 2020 maonyesho ya Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, yaani kitambaa kinachotengenezwa Uganda kwa kupondaponda gome la mti wa mutuba. Armitage hakutaka kazi zake zisimame peke yake kana kwamba zimechipuka jangwani. Ndani ya maonyesho hayo alipanga sehemu yenye jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, iliyoonyesha wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia. Maonyesho yalipohamia Royal Academy ya London mwaka 2021, wachoraji sita kati yao walikuwa na nafasi yao: Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu. Mwaka 2022 Mwili, Akili na Roho ilifika Nairobi katika Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa na Armitage mwenyewe.

Safari hiyo ya Munich, London na Nairobi ina fundisho. Katarikawe, Mganda aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuishi Nairobi, alichora kwa miongo kadhaa na kufariki mwaka 2018. Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alichora kuta za kanisa kuu la Murang'a na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Hawa hawakuwa wageni kwa watu wa Nairobi, lakini wasomaji wengi wa vitabu vya sanaa duniani walikutana na majina yao kwa mara ya kwanza katika machapisho ya Ujerumani na Uingereza. Tena kukosa machapisho ya nyumbani huwa na hatari isiyosubiri. Mwaka 1997 moto uliunguza Paa ya Paa na kuteketeza sehemu kubwa ya hazina yake, na kazi iliyoungua bila kupigwa picha wala kuorodheshwa hufa mara mbili, kwa kuwa hata habari kwamba iliwahi kuwako hupotea pamoja na wale waliowahi kuiona.

Dar es Salaam nako kuna mfano unaouma. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake na wafuasi wao waliikuza kazi hiyo hadi jina lake likawa jina la mtindo unaojulikana duniani kote. Hata hivyo, picha zake mwenyewe ziliuzwa moja moja kwa wageni waliopita, bila orodha iliyotunzwa, na leo kuitenga picha aliyoichora yeye na ile iliyosainiwa kwa jina lake na mtu mwingine ni kazi ngumu ya wataalamu. Orodha ya kurasa chache iliyoandikwa wakati ule ingewasaidia warithi wake, wanunuzi na historia ya Tanzania kwa pamoja.

Suala la lugha halitengani na suala hili. Mwaka 2017 Krannert Art Museum ya Illinois, Marekani, ilifungua maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yaliyoitwa World on the Horizon, yaliyoratibiwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yakajumuisha vitu vilivyoazimwa kutoka makumbusho ya Lamu, Fort Jesus ya Mombasa na Bait Al Zubair ya Oman, kisha yakasafiri hadi Washington na Los Angeles. Katalogi yake ni kazi ya heshima ya kitaaluma, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na fundi wa milango wa Lamu ambaye ufundi wa babu zake unajadiliwa humo hawezi kuipinga wala kuiongezea neno. Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mjadala wa aina hiyo, na jibu lao limekwisha kutolewa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire katika picha 101, na akamweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga, akijadili mamlaka, ukoloni, kifo cha Patrice Lumumba na kazi ya mchoraji kama mwanahistoria. Mazungumzo hayo yakawa msingi wa kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1996, na Kiswahili ndicho kilichoyabeba.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni fedha, na ni kweli kwamba kitabu kizito cha rangi chenye jalada gumu ni ghali kuchapa na ghali zaidi kusafirisha. Lakini katalogi haihitaji kuwa nzito ili iwe na manufaa. Kijitabu cha kurasa 16, chenye picha ya kila kazi, jina, mwaka, vifaa, vipimo, mwenye mali, wasifu mfupi wa msanii na insha moja ya ukweli, kinatimiza sehemu kubwa ya wajibu wa katalogi, na toleo lake la kidijitali linaweza kusomwa katika simu bila gharama ya karatasi. Museum of Modern Art ilifungua mwaka 2016 kumbukumbu za maonyesho yake yote tangu 1929 katika intaneti, pamoja na katalogi nyingi zinazosomwa bila malipo, na Metropolitan Museum ya New York imefanya vivyo hivyo kwa mamia ya vitabu vyake. Mwanafunzi wa Kigoma au Bukavu anaweza kuzisoma leo. Anachokosa ni katalogi za maonyesho yaliyofanyika Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi kwenyewe.

Mambo ya kufanya yanajulikana. Kila nyumba ya sanaa na kila makumbusho ya Afrika Mashariki na Kongo yajiwekee kanuni kwamba maonyesho hayafunguliwi kabla orodha ya kazi zake haijaandikwa na kupigwa picha; orodha hiyo iwe pia kwa Kiswahili; ipewe namba ya ISBN, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba; na nakala zipelekwe katika maktaba ya taifa na vyuo vikuu, si kwa wageni waalikwa peke yao. Vyuo viwape wanafunzi wa sanaa na wa Kiswahili kazi ya kuwahoji wachoraji na wachongaji wazee wangali hai. Naye msanii asiuze kazi yoyote bila kuipiga picha na kuandika jina lake, mwaka, vipimo na jina la mnunuzi katika daftari, kwa maana daftari hilo ndilo sura ya kwanza ya katalogi yake.

Msomaji wa kawaida pia ana sehemu yake. Anapotembelea maonyesho aulize kama kuna katalogi, na ikiwapo ainunue au aisome, akiangalia nani ameiandika, nani ameigharamia na nani ameachwa nje. Na isipokuwapo, aulize sababu. Makumbusho husikiliza maswali yanayorudiwa na wageni wengi, na katalogi za Afrika Mashariki zitachapishwa pale watu wa Afrika Mashariki watakapozidai.